Fundi Akiivunja Ahadi, Haki ya Mwenye Nyumba Iko Wapi?

Tuchukue mfano wa mama mjane wa Nyamira aliyejinyima mwaka mzima ili abadilishe mabati kabla ya masika. Fundi akapokea arbuni, akaezua paa la kale, kisha simu yake haikupokelewa tena. Mvua ya Gusii haingoji mtu. Watoto wakalala wakihamishwa kutoka pembe hadi pembe.

Wengi hukimbilia polisi. Lakini kutotimiza kazi ni kuvunja mkataba, na hiyo ni daawa ya madai. Huwa jinai iwapo itathibiti kwamba fundi alichukua fedha kwa hadaa tangu mwanzo. Hapo kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu chaweza kumfunga hadi miaka 3. Wengine humwendea Kadhi. Naye, kwa Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya, huhukumu mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu baina ya Waislamu.

Mlango wa mama huyu ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yaagiza hukumu itolewe ndani ya siku 60. Mdai aweza kujisimamia bila wakili, wala mahakama haifungwi na kanuni kali za ushahidi. Aanzie kwa makarani wa mahakama ya Kisii au Nyamira, awaulize pa kuifungua daawa yake. Asikawie mno: madai ya mkataba hufa baada ya miaka 6.

Kabla ya hapo, sulhu ni heri. Amwandikie fundi barua, ataje kazi iliyobaki na siku ya mwisho, abaki na nakala. Ahifadhi ujumbe wa M-Pesa, apige picha za paa, amwite jirani ashuhudie.

Akina mama, aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuagiza kuliandika deni la muda na kuweka mashahidi. Basi andikeni kazi, bei na muda, na malipo yafuate hatua za kazi. Kuandika si kumshuku fundi. Ni kuihifadhi amana yake na yenu. Naye fundi akumbuke: paa la yatima ni deni, hata kama hakuna aliyemshitaki.