Tuongeze kitufe, tusipunguze herufi

Mgeni afikaye soko la mifugo la Ogwedhi hana budi kujifunza neno moja upesi. Mjaluo atamwita mnyama aliye mbele yake dhiang'. Mgusii atasema eng'ombe. Mmasai aliyevuka kutoka upande wa Trans Mara atasema enkiteng', nami mwalimu wa Kiswahili nitasema ng'ombe. Lugha hizi nne si za ukoo mmoja: mbili ni za Kibantu na mbili ni za Kiniloti. Hata hivyo zimekutana katika sauti moja itokayo puani, nyuma ya ulimi ikiwa imegusa kaakaa laini. La ajabu ni kwamba sauti hiyo, ambayo bila hiyo hauzwi hata ndama mmoja huku kwetu, haina kitufe chake katika mashine yoyote ya kuandikia niliyopata kuitumia katika miaka yangu yote ya ualimu.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno kujadiliwa gazetini. Hao ningewaomba waandike maneno mawili ya Kijaluo, ring'o na ringo. La kwanza ni nyama, la pili ni kukimbia. Katika Kiswahili chenyewe, kung'oa ni kutoa kitu kilichoshikamana, ilhali ngoa ni hamu au wivu. Na mtoto wa ukoo wa Nyong'o, akiandikwa pasipo ritifaa, huwa amegeuzwa nyongo, ule uchungu ukaao jirani na ini. Nimewahi kumsindikiza mwanafunzi wa aina hiyo katika ofisi moja ambako cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na ritifaa na cheti chake cha mtihani hakikuwa nayo. Aliambiwa kwamba hao ni watu wawili, akatakiwa kwenda kula kiapo mbele ya wakili, kwa gharama yake, ili athibitishe kuwa yeye ni yeye. Karani hakuwa na ubaya wowote. Mashine yake ilikuwa imekataa alama hiyo, naye akaifuata mashine.

Sisemi kwamba mashine ndiyo iliyotuzulia ritifaa. Mwaka 1927 Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, yenye makao London, ilitoa kijitabu cha kuelekeza namna ya kuandika lugha za bara hili, na humo ikapendekeza herufi ŋ kwa sauti hii. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili haikuifuata njia hiyo, nasi tumebaki na ng'. Waacholi wa Uganda, ambao lugha yao ni ndugu wa damu wa Kijaluo, waliipokea ŋ, na Luganda pia inayo katika tahajia yake rasmi. Lakini tazama yaliyotukia: huko nako wengi huandika ng' kwa sababu kibodi haina ŋ. Kwa hiyo walioikubali herufi na walioikataa wamefika mahali pamoja, na aliyewafikisha hapo si mwanaisimu bali ni mtengenezaji wa mashine aliyekuwa akiifikiria lugha yake mwenyewe.

Wenye umri wangu wanaikumbuka taipureta ya shule. Nyingi hazikuwa hata na tarakimu 1. Tulipiga l ndogo tukaendelea. Alama ya hisi haikuwapo, basi tulipiga nukta, tukarudi nyuma hatua moja, kisha tukapiga ritifaa juu yake. Mwalimu wa hisabati alikuwa na kazi ya ziada, kwani karani alimwachia nafasi wazi katika stensili, naye akaketi usiku na kalamu ya chuma akichora alama za kipeuo na za kugawanya, moja moja, akiomba Mungu stensili isipasuke kabla ya kufika kwenye saiklostaili. Ritifaa yenyewe ilikaa juu ya tarakimu 8, hivi kwamba kila ng'ombe alihitaji kidole cha kuinua mashine na kingine cha kupiga. Jaribu kuandika ufahamu wa kurasa mbili kuhusu wafugaji kwa mtindo huo.

Shule niliyofundisha wakati huo iliipeleka taipureta yake kwa fundi mjini Migori, nami ndiye niliyetumwa nayo. Ndipo nilipouona undani wa mashine ile. Kila kitufe huvuta mkono mwembamba wa chuma, na kwenye ncha ya mkono huo kuna kichwa kidogo chenye alama mbili, ya chini na ya juu, kilichoshikizwa kwa lehemu. Ukiiyeyusha lehemu, kichwa hutoka, na kingine chaweza kuwekwa mahali pake. Fundi yule alikuwa na kopo zima la vichwa vilivyotolewa katika mashine zilizokufa. Nilimwomba aipe ritifaa kitufe chake yenyewe. "Sawa, Mwalimu," alinijibu, "lakini niondoe ipi? Mashine haina kiti kisicho na mwenyewe."

Hilo ndilo swali zito katika shughuli hii. Kiswahili na Kijaluo havina haja na q wala x, kwa hiyo mtu angedhani hizo ndizo za kufukuzwa. Lakini karatasi ya Kiingereza haiandikwi pasipo q, na mwalimu wa aljebra hawezi kuishi bila x. Hatimaye tuliitoa ½ pamoja na ¼ iliyokuwa juu yake, kwa hoja kwamba sehemu zaweza kuandikwa kwa mkwaju. Fundi akaweka kichwa chenye ritifaa chini na alama ya mnukuo juu. Kazi ya kulehemu ilikuwa ya dakika chache, lakini kuunyoosha mkono ule ili alama isianguke katikati ya mstari kulichukua adhuhuri nzima; alipiga, akatazama karatasi, akaupinda kwa koleo kiasi cha unywele, akapiga tena.

Waandikao Gikuyu na Kikamba walikuwa na shida kubwa kuliko yetu. Lugha hizo zina irabu saba, nazo hutofautisha mbili kwa kuzitia kiwimbi juu: ĩ na ũ. Dawa yake katika taipureta ilikuwa kitufe kinachoitwa kifu, yaani kile kinachopiga alama bila kuisogeza karatasi, ili herufi ije kukaa chini ya kiwimbi. Pasipokuwa na kitufe hicho, viwimbi vilitiwa kwa kalamu au vilisahauliwa. Kompyuta ilipokuja haikuwaonea huruma. Jedwali la ISO 8859-1, lililochapishwa mwaka 1987 na ambalo kompyuta nyingi zililitumia kwa miaka mingi, liliweka kiwimbi juu ya a, n na o, kwa kuwa Wareno na Wahispania wanavihitaji. Juu ya i na u halikukiweka. Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, ndiyo iliyozipa nafasi ĩ, ũ na ŋ katika kompyuta za kawaida duniani kote. Tangu hapo herufi ipo. Kisichopo ni mlango wa kuifikia kwa kidole.

(Wagusii nao wana irabu saba ambazo huandikwa kwa herufi tano, na Kijaluo kina irabu nyingi zaidi ya hizo tano zinazoandikwa. Huo ni mjadala wa tahajia, na si wa leo.)

Ninachotaka wenzangu wakifahamu ni kwamba siku hizi hatuhitaji lehemu. Kibodi, hata ile ya kimakanika yenye swichi chini ya kila kitufe, haipeleki herufi yoyote kwenye kompyuta. Hupeleka namba ya kitufe tu, kisha jedwali lililomo ndani ya programu ndilo linaloamua ni herufi gani iandikwe. Alama iliyochorwa juu ya kitufe ni kama maandishi yaliyopambwa ubavuni mwa matatu: hayamwambii abiria gari linakoelekea. Microsoft hutoa bila malipo programu ya kutunga mpangilio wako mwenyewe wa kibodi, na wenye Linux hulibadilisha faili la maandishi. Kitufe kimoja chaweza kuamriwa kutoa n, g na ritifaa kwa pigo moja. Mwanafunzi wa sekondari aliye na subira huimaliza kazi hiyo kwa alasiri moja, na hapana ½ inayofukuzwa.

Na haja ipo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka Serikali ikuze lugha asilia, na mtaala wa umilisi unataka mtoto wa gredi za mwanzo afunzwe kwa lugha ya eneo lake. Mwalimu wa Ogwedhi atakayetayarisha kadi za kusomea hukutana na sauti hii katika neno la kwanza la mifugo. Akizoea kuiacha ritifaa kwa kuwa inamchelewesha, mtoto ataisoma dhiang' kama ilivyoandikwa, na kitabu kitakuwa kimemfunza kosa ambalo mamake hajawahi kulitamka.

Kuna tahadhari moja ambayo siwezi kuificha. Ritifaa ya kawaida huhesabiwa na kompyuta kuwa kituo, si herufi, ndiyo maana programu nyingine hulikata neno vipande viwili. Tena programu za uandishi huipinda, na ng'ombe mwenye ritifaa iliyonyooka huweza kutafutwa asionekane kwa sababu ameandikwa kwa iliyopinda. Unicode inayo alama nyingine inayofanana nayo kwa sura, yenye namba 02BC, ambayo huhesabiwa kuwa herufi kamili. Kwa kadi za kusomea na hadithi ningeipendelea hiyo. Lakini jina la mtoto likiandikwa nayo katika fomu, na mashine ya ofisi isiijue, atarudi kula kiapo. Shule jirani hazina budi kukubaliana kabla kila mmoja hajatunga kitufe chake, la sivyo karatasi za huku hazitasomeka kule.

Kwa sasa nimechagua kitufe kilicho kushoto kwa tarakimu 1, ambacho sijamwona mwalimu yeyote akikitumia. Kinatoa ritifaa ya kawaida, nacho nimekibandika kipande cha plasta kilichoandikwa kwa wino. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili ameniuliza kubwa yake itakuwa Ng' au NG'. Mwanzoni mwa sentensi twahitaji ya kwanza, katika vichwa vya habari ya pili; yeye mwenyewe amependekeza kwamba ya pili ifichwe chini ya kitufe cha AltGr, na wiki hii anaijaribu.