Nani Hupanga Bei ya Umeme? (2): Namna Ombi la TANESCO Linavyopekuliwa

Mwenye duka pale Same mjini akinunua umeme wa shilingi 10,000, na mita yake ikiwa haidaiwi kodi ya jengo, hupata uniti 28 na ushee. Bei ya msingi kwa mteja wa kawaida ni shilingi 292 kwa uniti. Juu yake hupanda asilimia 18 ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na asilimia 1 ya mdhibiti wa huduma za nishati na maji (EWURA), hata uniti ikafika shilingi 356 na senti kidogo. Hiyo asilimia moja wengi hawaioni. Katika ile elfu kumi, kama shilingi 82 zinakwenda kwa mdhibiti, maana yake mnunuzi wa umeme amekwisha kumlipa mtu wa kumkagulia bei. Katika sehemu hii ya pili tutazame kazi anayoifanya mtu huyo pale shirika la umeme, TANESCO, linapobisha hodi na kusema bei haitoshi.

Wiki iliyopita tuliona chimbuko la EWURA: sheria ya mwaka 2001, kuanza kazi mwaka 2006, kisha Sheria ya Umeme ya 2008 iliyoeleza bei ipangwe kwa misingi gani. Tangu EWURA ianze kazi TANESCO imeomba kupandisha bei mara kadhaa, na majibu yake yanafaa kuwekwa pamoja. Mwaka 2007 iliomba asilimia 40, ikapewa 21.7 kuanzia Januari 2008. Mwaka 2010 iliomba 34.6, ikapewa 18.5. Novemba 2011, mabwawa yamekauka, mgawo wa umeme umeichosha nchi na mitambo ya kukodi inakunywa mafuta usiku na mchana, iliomba 155. Ilipewa 40.29 kama bei ya dharura, kuanzia tarehe 15 Januari 2012, ikaamriwa pia ifanyike tathmini ya gharama halisi za huduma. Mwaka 2013 iliomba 67.87, ikapata 39.19. Mwaka 2016 bei ilishushwa kidogo mwezi Aprili, lakini kabla mwaka haujaisha shirika lilirudi na ombi la 18.19, likakubaliwa 8.5. Kilichofuata baada ya kukubaliwa huko ni kisa chenyewe, nitakifikia.

Ukiondoa ombi la 2011, kila mara jibu limekuwa karibu nusu ya ombi, au nusu na kidogo. Ndiyo maana watu wengi wanaamini hii ni biashara ya sokoni tu: muuza tangawizi wa Mamba Miamba anataja bei ya juu akijua mnunuzi atakata nusu, na wote wawili wanaondoka wakitabasamu. Sishangai watu kufikiri hivyo, na sidhani TANESCO yenyewe haifikiri hivyo hata kidogo. Lakini imani hiyo ina hasara, kwa sababu inatufanya tubishane juu ya asilimia, jambo ambalo mwananchi hana nguvu nalo, tukaacha mafungu yanayoizaa asilimia hiyo, ambako nguvu anayo.

Mdhibiti haanzi na asilimia. Anaanza kwa kuuliza: ili shirika liendeshe huduma mwaka mzima, linahitaji kukusanya fedha kiasi gani? Hapo huorodheshwa mafuta na gesi, umeme unaonunuliwa kwa wazalishaji binafsi, mishahara, matengenezo, uchakavu wa mitambo na njia, riba ya mikopo, kodi, na faida ya halali juu ya mtaji uliowekezwa. Jumla hiyo hugawanywa kwa uniti zinazotarajiwa kuuzwa. Ikizidi kinachopatikana kwa bei ya sasa, tofauti yake ndiyo asilimia inayoombwa. Kwa hiyo fungu moja likikatwa asilimia inashuka, na idadi ya uniti ikikisiwa chini asilimia inapanda hata kama hakuna gharama iliyoongezeka. Hili la mwisho ni la kuangaliwa kwa jicho kali, kwani makisio ya mauzo hayapigi kelele kama yanavyopiga makisio ya mafuta.

Sheria ya 2008, kifungu cha 23, inataka bei ifuate gharama za uendeshaji wenye ufanisi. Gharama ambayo imekwisha kutumika haigeuki kuwa halali kwa sababu tu imetumika. Iwe ni ile ambayo mwendeshaji makini angeitumia. Mfano mkubwa wa Watanzania katika jambo hili ni IPTL, mtambo wa mafuta wa Tegeta. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1995, kabla hatujawa na mdhibiti, nao uliifunga TANESCO kulipia utayari wa mtambo, uwake usiwake. TANESCO ilipolalamikia gharama za ujenzi mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, gharama hizo zilishushwa kutoka takriban dola milioni 163 hadi takriban milioni 127. Dola milioni 36 ziliondoka kwa sababu mtu aliomba kuonyeshwa hesabu. Lakini mkataba wenyewe ulibaki, na kila ombi la bei lililofuata lilibeba mikataba ya namna hiyo mgongoni. Leo mikataba ya kununua umeme hupitia EWURA kabla ya kutiwa saini, na kwa maoni yangu hapo ndipo bei hupangwa kweli. Likishafika ombi la kupandisha, nusu ya mambo yamekwisha kuamuliwa.

Fungu la pili la kulichimba ni umeme unaopotea njiani. Tuseme shirika linazalisha uniti 100 na 80 tu ndizo zinazolipiwa. Hizo 80 zitabeba gharama ya zote 100, isipokuwa mdhibiti aseme: upotevu wa uniti 15 tunaukubali, hizo tano zilizobaki ni mzigo wako mwenyewe. Huku kwetu Same jambo hili si la mbali. Njia ya msongo wa kilovolti 132 inayotoka Hale, ikapita kituo cha Same na kuendelea Kiyungi karibu na Moshi, inaleta umeme uliokwisha kusafiri mbali sana, na safari ndefu hula umeme. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuja mkoani Kilimanjaro kuzindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, alisema upotevu wa umeme unaosafirishwa kuja Kanda ya Kaskazini unagharimu takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka, na kwamba ndiyo sababu ya mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya. Wengi walibishana kama ni aibu kununua umeme nje wakati tuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Nilitamani tubishane juu ya swali la mdhibiti: uniti ya Ethiopia ikifika Namanga itagharimu kiasi gani, na uniti ya Rufiji ikifika Same, pamoja na iliyomwagika njiani, inagharimu kiasi gani?

Kisha kuna mali ambazo shirika linaruhusiwa kupata faida juu yake. Sheria inasema uwekezaji uwe umeidhinishwa na EWURA, na gharama zilizolipwa kwa ruzuku ya Serikali au ya wafadhili zisiingizwe katika gharama za biashara. Hili ni jambo kubwa kwa watu wa milimani. Nguzo zilizopanda Vudee, Mbaga, Suji na Chome kwa fedha za REA zimelipwa na umma, pamoja na ile asilimia 3 ya kila anayenunua umeme. TANESCO haistahili kutudai faida juu ya nguzo ambazo tulizinunua wenyewe. Ila nguzo ikianguka kwa mvua za masika, gharama ya kupeleka fundi na kusimika nyingine ni gharama halali ya uendeshaji, na lazima tuwe wakweli hapa. Bei ya umeme Tanzania ni moja nchi nzima, na kijiji cha Upare wa Kusini chenye nyumba zilizotawanyika juu ya miteremko ni ghali kuhudumia kuliko mtaa mmoja wa Kariakoo. Tunabebwa. Anayedai kila kanda ilipe gharama zake afikiri kwanza anaishi wapi.

Kwa mantiki hiyohiyo litakuja swali la Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililojengwa kwa mkataba wa shilingi trilioni 6.5. Maji hayanunuliwi kama mafuta, na bwawa kuukuu ni hazina: Nyumba ya Mungu imekuwa ikizalisha megawati zake 8 tangu mwisho wa miaka ya 1960. Lakini bwawa jipya litashusha bei au halitaishusha, kutegemea fedha zake zimeandikwaje vitabuni. Zikiwa ruzuku, hazina faida wala riba ya kudaiwa. Zikiwa mkopo, riba itaingia kwenye bei. Zikiwa mtaji, Serikali kama mwenye mali inaweza kutaka gawio. Mstari mmoja wa mhasibu unaweza kuwa na uzito kuliko mashine tisa za Rufiji.

Baada ya jumla kupatikana, inabaki kugawa mzigo kati ya makundi ya wateja, na hapo siasa haikwepeki. Mteja mdogo wa D1, ambaye mitaani anajulikana kama wa tarifu 4, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na kila inayozidi ni shilingi 350. Bei hiyo ya 100 haifikii gharama. Tofauti inabebwa na wengine, wakiwamo wenye mashine za kusaga na mafundi wa kuchomelea. Mimi naiunga mkono, maana bila hiyo waya utafika kijijini na taa isiwake.

Ombi likishapokelewa hutangazwa, maoni ya maandishi hukaribishwa, na EWURA huitisha mkutano wa taftishi, yaani uchunguzi wa hadhara. Pale TANESCO hueleza, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma (EWURA CCC) husimama upande wa mteja. Baraza la Ushauri la Serikali nalo hutoa la kwake. Sheria inaulazimisha uchunguzi huo kabla ya bei kubadilishwa. Nimesoma na kusikia michango mingi ya mikutano hii, na mingi ni kilio: maisha magumu, umeme unakatika, msipandishe. Kilio kina haki yake, lakini hakikati fungu hata moja.

Wapare wana historia inayofaa kukumbukwa hapa. Miaka ya 1940 machifu wa Upare, kwa baraka za serikali ya kikoloni, waliweka kodi iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, ikaitwa mbiru. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani wakaja kupiga kambi Same, makao makuu ya wilaya. Baadaye wanawake nao waliingia. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliiandikia kitabu habari hiyo. Wale watu hawakuwa wakigoma kulipa kodi ya aina yoyote. Walipinga kukadiriwa mali zao kwa kipimo wasichokielewa wala kukikubali. Hawakuwa na sheria ya kusimamia, wakatumia miguu yao. Sisi tunayo sheria, na viti vingi vya taftishi vinabaki vitupu.

Sasa kile kisa cha 2016. EWURA ilikubali asilimia 8.5 siku za mwisho za Desemba, ianze tarehe 1 Januari 2017. Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, aliisimamisha kabla haijaanza, na siku ya mwaka mpya Rais John Magufuli alimwondoa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Mhandisi Felchesmi Mramba. (Miaka michache baadaye mhandisi huyohuyo alirudi kuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati.) Wananchi wengi walishangilia, na tangu hapo bei ya msingi haijapanda. Lakini gharama haifutwi kwa tamko. Isipolipwa na mteja inageuka deni, na deni likizidi hulipwa na mlipakodi: baadaye Serikali iligeuza takriban shilingi trilioni 2.4 ilizokuwa ikiidai TANESCO kuwa mtaji wa shirika. Huenda huo ulikuwa uamuzi mwema. Kasoro yake ni kwamba haukufanyika mezani pa taftishi, ambako mwenye duka wa Same angeweza kuuliza swali. Kama 8.5 ilikuwa kubwa mno, fungu lililokosewa lilipaswa kutajwa. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anayo njia ya kisheria, nayo ni Baraza la Ushindani.

Ombi lijalo litakapotangazwa, usipeleke kilio peke yake. Uliza mambo matatu: upotevu gani wa umeme umekubaliwa, mali gani za ruzuku zimeondolewa, na mauzo yamekisiwaje. Andika jina la kijiji chako, taja siku ambazo umeme haukuwepo, na upeleke kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho. Wiki ijayo, katika sehemu ya tatu, tutaingia kwenye bei ya maji, ambayo nayo hupangwa na EWURA: maji ya Nyumba ya Mungu hayapandi kuja Same bila pampu, na pampu hizo zinanunua umeme.