Kuzima Kuna Namna Tatu

Kiwandani, kati ya PLC inayoongoza mitambo na draivu inayoendesha mota, "neno" ni biti 16. Zifikirie kama taa ndogo 16 zilizopangwa mstari, kila moja imewaka au imezimika. PLC hutuma neno la amri pamoja na namba ya kasi inayotakiwa. Draivu hujibu kwa neno la hali na kasi ambayo mota inazunguka kweli. Kwa mota nyingi mazungumzo ni hayo tu, yanayorudiwa mara nyingi kila sekunde.

Kwenye Modbus, lugha ya mitambo iliyotolewa na Modicon mwaka 1979, wawili hawa waliitwa bwana na mtumwa. Mwaka 2020 jumuiya inayoisimamia iliamua waitwe mteja na seva. Kwetu watu wa pwani, tunaojua soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa lini na lilikuwa wapi, uamuzi huo haukuhitaji maelezo marefu. Ila shika jambo moja: mteja ni PLC, kwa kuwa yeye ndiye anayeanza kuuliza. Draivu, hata iwe kubwa kama kabati, ndiyo seva.

Siku moja niliitwa alfajiri kwenye kiwanda cha unga. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi, na mkanda wa magunia umegoma. Mafundi walishabadilisha kebo na kupima mota, vyote vizima. Nikaunganisha kompyuta, nikalisoma neno lililokuwa likitumwa: 047F, kwa namba za msingi wa 16. Kwa draivu ile, inayofuata kanuni za PROFIdrive, hilo ndilo neno la kuwasha. Kumbe halikutanguliwa na 047E. Tofauti yao ni biti 0 peke yake, na draivu haiwaki kwa kuikuta biti hiyo tayari ni 1. Huwaka kwa kuiona ikigeuka kutoka 0. Programu iliamka na umeme huku inasema "washa", draivu ikangoja mgeuko usiokuja. Nami naona ilifanya vyema. Pengine saa ile kuna mtu anayenasua gunia kwenye mkanda. (Ulinzi wake wa kweli ni swichi kuu iliyofungwa kwa kufuli, si biti.)

Neno hilohilo la amri lina biti tatu za kusimamishia mota, na hapa Kiswahili chetu cha karakana kinatuponza, maana zote tunaziita "zima". Biti 0 ikishuka, draivu hupunguza mwendo taratibu, kwa muda uliopangwa, hadi mota isimame. Biti 1 ikishuka, mota hukatiwa nguvu papo hapo na kuachwa izunguke mpaka ichoke yenyewe. Biti 2 ikishuka, mota husimamishwa haraka iwezekanavyo. Feni kubwa ukiiachia, inaweza kuzunguka dakika kadhaa huku mtu akidhani imesimama. Winchi ukiiachia na breki yake mbovu, mzigo unashuka. Vijana ninaofanya nao kazi nawaomba waseme "punguza", "achia" au "piga breki", na wasione haya kumuuliza msimamizi anataka ipi.

Kuna mtego mwingine ambao umewanasa hata wazoefu. Mtu anaandika 0000 akiamini amezima kila kitu. Lakini biti 10 ndiyo inayoiambia draivu kwamba PLC imeshika usukani. Ikiwa 0, draivu hulipuuza neno lote, pamoja na amri ya kusimama iliyomo. Mota inaweza kuendelea kuzunguka kama vile hakuna aliyesema kitu. Amri ya kusimama taratibu ni ileile 047E.

Kwenye orodha za amri ninazoandaa siku hizi, "zima" peke yake haimo. Kila mota imeandikiwa moja ya maneno yale matatu: "punguza", "achia" au "piga breki".