Je, Wajua? Msitu wa Semliki Umo Ndani ya Utafiti wa Viungo

Je, wajua kwamba nyuma ya milima ya Rwenzori, ukiitazama kutoka Kasese mjini, kuna msitu ambao jina lake linatajwa katika maabara nyingi za dunia? Ni msitu wa Semliki, huko Bwamba, wilaya ya Bundibugyo. Mwaka 1942 watafiti kutoka Entebbe, katika taasisi iliyoanzishwa 1936 kuchunguza homa ya manjano na ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda (UVRI), walinasa mbu msituni humo wakawakuta na kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana. Wakakipa jina la msitu wenyewe. Mto Semliki unatoka Ziwa Edward, ziwa lile lile wanalovua watu wa Katwe, unapita Kongo na kufuata mpaka hadi Ziwa Albert.

Kirusi cha Semliki hakijawahi kuwatesa watu kwa wingi, ndiyo maana wengi hawajakisikia. Sifa yake ilianzia maabarani. Mwaka 1991, huko Sweden, Peter Liljeström na Henrik Garoff waliondoa kwenye RNA ya kirusi hicho, yaani maelekezo yake ya urithi, sehemu inayotengeneza ganda lake, wakaweka mahali pake maelekezo ya protini waliyoitaka wao. RNA hiyo ikiingia kwenye seli hujinakili yenyewe, na seli hutengeneza protini kwa wingi. Njia hiyo ya RNA inayojinakili imeendelea kukua, nayo hutumia pia jamaa wengine wa kirusi hicho. Miaka ya Covid-19, wakazi wa Masaka walishiriki jaribio la chanjo ya aina hiyo, iliyobuniwa Imperial College London na kujaribiwa na kitengo cha MRC/UVRI. Kwa hiyo Uganda imo katika habari hii kwa mbu wake, kwa watafiti wake na kwa watu wake waliojitolea kuchomwa sindano.

Sasa viungo vinaingiaje? Jamaa wa kirusi cha Semliki wanapenda viungo vya binadamu. Chikungunya iligunduliwa baada ya mlipuko wa 1952 kwenye uwanda wa Makonde, Newala, kusini mwa Tanzania. O'nyong-nyong ilianza kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, ikaenezwa na mbu wale wale wa malaria, na kabla haijatulia ilikuwa imeugusa umati wa watu wapatao milioni mbili Afrika Mashariki na kwingineko. Ilirudi tena kusini mwa Uganda mwaka 1996. Aliyeugua mojawapo hasahau magoti, vifundo na vidole vilivyogoma kukunjika.

Cha kushangaza ni jinsi virusi hivi vinavyofanya kazi. RNA yao inasomeka moja kwa moja na seli zetu kama RNA mjumbe ya seli zenyewe. Mjumbe huyo ndiye anayechukua nakala ya kipande cha maelekezo kutoka kwenye DNA na kukipeleka kwenye ribosomu, mahali protini zinapotengenezwa. Akimaliza kazi, huvunjwavunjwa baada ya saa au siku chache. Kirusi huleta ujumbe wake mwenyewe, na seli inautii. Kisiwani Réunion, madaktari walikuta RNA ya chikungunya ndani ya seli za utando wa kiungo cha mgonjwa mmoja miezi 18 baada ya homa yake. Kama kirusi kinaweza kupeleka ujumbe wa madhara hadi ndani ya goti, mtafiti naye ana haki ya kuuliza kama anaweza kupeleka ujumbe wa kuponya.

Je, wajua kwamba jibu lilikwama kwa miaka mingi kwa sababu ya herufi moja? RNA iliyotengenezwa maabarani huishtua seli. Seli ina walinzi wanaotambua RNA ya kigeni, na wakiitambua huwasha uvimbe. Kwenye mkono uvimbe kidogo si hoja. Kwenye kiungo, uvimbe ndio ugonjwa wenyewe! Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha kwamba ukiondoa uridini, moja ya herufi nne za RNA, na kuweka pseudouridini, ambayo miili yetu inayo kiasili, walinzi hao hutulia. Hiyo ndiyo RNA mjumbe iliyorekebishwa. Chanjo za Covid-19 za Pfizer na Moderna, zilizofika Uganda mwaka 2021, zimejengwa juu ya kazi hiyo, na wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023. RNA hii haiingii kwenye kiini cha seli wala haigusi DNA.

Watafiti wa viungo hupata wapi seli za binadamu? Mara nyingi kwa wagonjwa wanaobadilishiwa goti au nyonga. Kipande kinachotolewa, ambacho vinginevyo kingetupwa, huombwa kwa ridhaa ya mgonjwa na kupelekwa maabara. Humo mna seli za aina mbili zinazotafutwa. Za kwanza ni za utando unaotoa ute wa kulainisha kiungo; kwa mwenye baridi yabisi ndizo zinazozidi kuongezeka na kuanza kula gegedu. Za pili ni seli za gegedu lenyewe. Hizi ni chache, kwani ujazo mkubwa wa gegedu ni nyuzi, maji na protini zilizoshikamana, na hakuna mshipa wa damu unaopita humo. Ndiyo maana gegedu likilika halijiponyi kama ngozi.

Hatua ya kwanza ni kujua kama ujumbe umefika. RNA hufungwa ndani ya chembe ndogo mno za mafuta, ikiwa imebeba maelekezo ya protini ya kijani inayong'aa, ambayo asili yake ni konyeza, kiumbe laini wa baharini. Seli humwagiwa mchanganyiko huo, huachwa kwenye joto la mwili, kisha huangaliwa kwa darubini ya mwanga maalumu. Seli iliyoupokea ujumbe na kuusoma hung'aa kijani. Isiyong'aa haikuupokea au haikuusoma. Baada ya hapo maelekezo ya kijani huondolewa, yakawekwa ya protini yenye faida, kwa mfano ya kuzima uvimbe au ya kulisha gegedu. Mwaka 2016 kundi la watafiti wa Tokyo lilipeleka kwenye magoti ya panya RNA mjumbe ya RUNX1, protini inayoamsha ujenzi wa gegedu, na kulika kwa viungo hivyo kukapungua. Kwa maoni yangu hiyo ni habari njema ya kweli, ila ni ya panya. Dawa ya RNA ya kumdunga mtu gotini bado haijafika kwenye maduka ya dawa.

Turudi Kasese, mjini Bwera, ambako habari ya viungo inakutana na Ebola. Mwezi Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyevuka na familia yake kutoka Kongo alipelekwa hospitali ya Kagando, akahamishiwa kituo cha Ebola cha Bwera, na akafariki. Bibi yake na mdogo wake walimfuata. Wahudumu wa afya na watu waliokutana na wagonjwa walichanjwa kwa chanjo ya rVSV-ZEBOV, na Ebola ikazuiwa isisambae Kasese. Je, wajua kwamba chanjo hiyo hiyo ilipojaribiwa Geneva, kama mtu mmoja kati ya watano alivimba viungo, na kirusi dhaifu cha chanjo kikaonekana kwenye ute wa kiungo? Wengi wao walipona ndani ya siku au wiki chache. Waliougua Ebola wenyewe ndio wanaoumia muda mrefu: manusura wa mlipuko wa Bundibugyo wa 2007 walipochunguzwa zaidi ya miaka miwili baadaye, maumivu ya viungo yalikuwa miongoni mwa malalamiko yao makuu.

Milima ya Rwenzori imeipa sayansi kirusi na ushahidi wa manusura. Kuna pia akina mama wanaoteremka na kahawa mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, na kila hatua ya kuteremka ikilibana goti kwa uzito wa mwili mara tatu au zaidi. Utafiti wa viungo usiowahesabu hawa haujakamilika.

Nawe msomaji, kama kiungo chako kimevimba kwa zaidi ya wiki sita, au asubuhi vidole vinakaa vigumu kwa saa nzima, nenda hospitali ukapimwe. Usinunue deksamethasoni kienyeji dukani. Hupunguza maumivu haraka, lakini ukiitumia muda mrefu hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa.