MAJI MAANGAVU SI LAZIMA YAWE SALAMA

Askari hufundishwa kumtambua adui kwa sare yake, kwa silaha yake na kwa nyayo zake. Lakini yuko adui asiyevaa sare wala kuacha nyayo, naye huingia makwetu akiwa ndani ya maji tuliyoyalipia kwa fedha zetu wenyewe. Adui huyo ni kipindupindu.

Tuutazame mtaa wa Gumbo, ulioko ng'ambo ya mashariki ya Mto Nile, mjini Juba, Sudan Kusini. Hapo hupita barabara kuu iendayo Nimule, na tangu mwaka 2022 Daraja la Uhuru limeuunganisha upande huo na ng'ambo ya pili. Wakazi wengi wa Juba huletewa maji na malori ya matangi, ambayo huyavuta mtoni na kuyauza nyumba kwa nyumba. Kipindupindu kiliushambulia mji huo mwaka 2014, kikarudi 2015 na tena 2016. Mlipuko mwingine, uliotangazwa nchini humo Oktoba 2024, uliua zaidi ya watu 1,000 kabla ya mwaka kutimia.

Mwenye bwawa la kuogelea uani na askari mwenye pipa moja mlangoni wanatawaliwa na kanuni zile zile za maji. Kanuni hizo zina hatua nne, na mpangilio wake haupinduliwi.

Kwanza, maji yatakaswe tope. Shabu hukusanya chembe za udongo zikawa mabonge, nayo yakazama chini. Tope ni handaki la vijidudu. Klorini ikimwagwa katika maji mazito, humaliza nguvu zake juu ya uchafu kabla ya kumfikia adui.

Pili, ipimwe pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, kilichobuniwa na Søren Sørensen wa Denmark mwaka 1909. Saba ni katikati. Chini yake ni tindikali, na juu yake ni hali ya magadi. Katika pH 6.5 zaidi ya sehemu tisa za kumi za klorini huwa tayari kwa vita, katika 7.5 ni kama nusu, katika 8.5 hubaki kama sehemu moja ya kumi tu. Ndiyo sababu maji ya bwawa huwekwa kati ya 7.2 na 7.8. Yakishuka mno, hula vyuma na kuwasha macho. Yakipanda mno, klorini husinzia. Mtunza bwawa huyashusha kwa tindikali na kuyapandisha kwa magadi. Kwa maji ya pipa, yatosha pH iwe chini ya 8.

Tatu, itiwe klorini. Gramu 15 za unga wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, zikikorogwa katika lita moja ya maji, hutoa dawa ya asilimia moja. Mililita 40 za dawa hiyo zatosha kuanzia kwa pipa la lita 200 za maji maangavu. Kisha tusubiri dakika 30.

Nne, tupime tena. Maji ya kunywa yabakiwe na miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini kwa lita. Bwawa, 1 hadi 3. Isipobaki kitu, vita havijakwisha: iongezwe dawa, tusubiri, tupime upya. Pua isitegemewe. Bwawa linalonuka sana mara nyingi lina klorini iliyokwisha kufungwa na jasho na mkojo, wala si klorini iliyozidi. Tena pipa lifunikwe, kwani jua huila klorini upesi.

Silaha hii ina makali pande mbili. Tarehe 22 Aprili 1915, huko Ypres, Ubelgiji, majeshi ya Ujerumani yalifungulia gesi ya klorini dhidi ya adui zao. Mwaka huo huo Meja William Lyster wa Jeshi la Marekani alibuni mfuko wa turubai wa kusafishia maji ya wapiganaji kwa unga wa klorini. Basi unga huo usikutanishwe kamwe na tindikali, maana hutoa gesi ile ile ya Ypres. Tuutie unga katika maji, tusimwage maji juu ya unga. Wala dawa za bwawa zisitiwe katika maji ya kunywa, kwa kuwa baadhi zina viungo vingine.

Ndugu wapiganaji, bunduki hukaguliwa kila siku ijapokuwa adui hajaonekana. Pipa nalo lastahili ukaguzi huo huo, kambini, kituoni na nyumbani, kwa kuwa wa kwanza kuyanywa maji yake huenda akawa mtoto wetu.