Bunduki, Ulinzi na Uhalifu wa Vijana Karamoja: Kwa Nini Silaha Zilizokusanywa Hurudi

Utangulizi

Karamoja ni eneo la wafugaji lililoko kaskazini-mashariki mwa Uganda, mpakani na Kenya na Sudan Kusini. Serikali ya Uganda imeendesha huko kampeni kubwa za kukusanya silaha mwaka 2001, 2006 na 2021. Makala haya yanaeleza kwa nini bunduki hurudi mikononi mwa vijana baada ya kila kampeni, na namna utumishi katika vikosi vya ulinzi unavyohusiana na jambo hilo. Hoja kuu ni kwamba kijana wa Karamoja hushika bunduki kwa sababu mbili zinazoshikamana: kulinda mifugo na kujipatia mali. Kampeni inayoiona sababu ya pili peke yake huiacha ya kwanza ikiendelea kuzalisha mahitaji ya silaha.

Kutoka mkuki hadi bunduki

Bunduki zilikwisha kufika Karamoja kupitia wafanyabiashara kutoka Ethiopia kabla ya utawala wa kikoloni kukita mizizi. Hata hivyo, badiliko kubwa lilitokea mwaka 1979. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari waliikimbia kambi ya Moroto, na Wamatheniko wakaichukua ghala yake ya silaha. Baadaye, vita vya Sudan na vya kaskazini mwa Uganda viliendeleza biashara ya bunduki na risasi.

Silaha hizo zilibadilisha mamlaka ndani ya jamii. Uvamizi wa mikuki ulihitaji watu wengi, na kwa hiyo ulihitaji baraka za wazee. Bunduki ziliwawezesha vijana wachache kuvamia bila idhini ya mtu. Aidha, ng'ombe walioibwa walianza kuuzwa haraka na kusafirishwa kwa malori, badala ya kubaki zizini au kulipiwa mahari. Hivyo sehemu ya uvamizi ilitoka katika mila ikawa uhalifu wa kibiashara.

Funzo la mwaka 2002

Kampeni ya Desemba 2001 ilianza kwa hiari. Hadi mapema mwaka 2002 zilikuwa zimekusanywa bunduki zipatazo 10,000. Ndipo matumizi ya nguvu yakafuata. Machi 2002 jeshi lilianzisha operesheni dhidi ya waasi wa Lord's Resistance Army, na askari wengi wakaondolewa Karamoja. Jamii zilizotii zikajikuta wazi mbele ya majirani wenye silaha, wa ndani na wa ng'ambo ya mpaka. Aliyesalimisha bunduki ndiye aliyepoteza ng'ombe. Katika mazingira hayo, kununua bunduki nyingine lilikuwa jambo la busara kwa familia, ingawa lilikuwa kosa kisheria. Misako iliyoanza mwaka 2006 ilipunguza silaha, lakini mateso na vizuizi vilivyoripotiwa na mashirika ya haki za binadamu viliharibu imani ambayo ulinzi wa kudumu huitegemea.

Kijana mlinzi, kijana mhalifu

Serikali pia iliwaandikisha vijana katika vikosi vya ulinzi vya mitaa. Utumishi huo humpa kijana kipato, nidhamu na heshima. Lakini askari msaidizi anayecheleweshewa mshahara, na ambaye utii wake wa kwanza ni kwa ukoo, anaweza kuigeuza bunduki ya serikali kuwa bunduki ya ukoo. Upande wa Kenya, askari wa akiba wa polisi nao walipewa silaha katika maeneo ya wafugaji. Hivyo mlinzi halali wa upande mmoja alionekana tishio kwa upande wa pili.

Mpaka huu kati ya mlinzi na mhalifu una uzito mkubwa mahakamani. Sheria ya jeshi ya mwaka 2005 iliruhusu raia aliyekutwa na silaha za kijeshi kushtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kuwa kuwashtaki raia katika mahakama hizo ni kinyume cha katiba. Mwaka huohuo Bunge likapitisha marekebisho yanayoruhusu tena mashtaka hayo katika mazingira maalumu. Kwa bunduki ya aina ileile, kijana mmoja hulipwa mshahara na mwenzake hufungwa miaka mingi.

Hitimisho

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, ulinzi wa malisho na visima utangulie ukusanyaji wa silaha, na udumu baada yake. Pili, ukusanyaji ufanywe kwa wakati mmoja pande zote za mpaka. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inatoa msingi wa ushirikiano huo. Tatu, bunduki za askari wasaidizi ziwekwe alama, zisajiliwe na kukaguliwa, na mishahara ilipwe kwa wakati, huku minada ya mifugo ikidhibitiwa ili ng'ombe wa wizi wakose soko. Bila hayo, kila kampeni mpya itamwadhibu kwanza yule aliyeitii iliyopita.