Samaki Wadogo Wavuni: Ziwa Limejaa au Limekwisha?

Mtu akaaye Balangdalalu, katika Wilaya ya Hanang', anafahamu vyema kwamba maziwa si ya namna moja. Ziwa Balangida lina maji ya chumvi, na wafugaji wamelithamini tangu kale kwa ajili ya chumvi ya mifugo yao. Katika wilaya hiyo hiyo lipo Ziwa Basotu, ambalo watu hulitegemea kwa kitoweo cha samaki. Katika wilaya jirani, nyumba za mji wa Babati zimelikaribia mno Ziwa Babati. Maziwa madogo ya namna hii, yaliyozungukwa na makazi, huwatia wananchi katika swali gumu: wavuvi wanapoanza kupata samaki wadogo watupu, je, wapunguze uvuvi au wauzidishe?

Wengi watajibu upesi kwamba uvuvi upunguzwe. Jibu hilo mara nyingi ni sahihi, lakini si kila mara. Tuchukue mfano wa perege. Jike la aina nyingi za perege wa maziwa yetu huyaatamia mayai yake kinywani, na makinda hukimbilia humo wanapoona hatari. Kwa malezi hayo, makinda wengi husalimika. Ikiwa maji ni machache na maadui ni wachache, samaki huongezeka kupita chakula kilichopo. Hudumaa, wakaanza kuzaa wangali wadogo. Hali hii huonekana sana katika mabwawa.

Kwa upande mwingine, nyavu zenye matundu madogo na makokoro huwazoa samaki kabla hawajakua wala kuzaa hata mara moja. Hapo pia wavu huleta wadogo, lakini sababu ni kinyume kabisa cha ile ya kwanza.

Mwanafunzi atazitofautishaje hali hizi mbili? Apime urefu na uzito wa samaki wengi, kisha awapasue na kutazama mayai. Samaki wadogo, waliokonda, wenye mayai yaliyokomaa, ni dalili ya msongamano. Samaki wadogo walionona, ambao bado hawajakomaa, ni dalili ya kuvuliwa mapema mno. Vipimo virudiwe katika majira mbalimbali kabla ya kutoa hukumu.

Hesabu nayo ina njia yake. Tuseme tumevua samaki 100, tukawatia alama na kuwarudisha ziwani. Baadaye tunavua 80, na kati yao 10 wana alama. Kwa kuwa mmoja katika kila 8 ana alama, ziwa lina samaki wapatao 800. Njia hii ni ya kuaminika iwapo tu wenye alama wamechanganyika vizuri na wenzao na hawakufa kwa wingi. Mwalimu aweza kuionyesha darasani kwa debe la maharage na kalamu ya wino.

Dawa hufuata ugonjwa. Penye msongamano, wavuliwe zaidi. Penye uvuvi wa mapema, matundu ya nyavu yapanuliwe na ziwa lipumzishwe. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia Mei hadi Agosti, kwa nia hiyo hiyo ya kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Lakini tujihadhari na dawa ya kuleta samaki mgeni mla wenzake. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950. Leo analeta fedha nyingi, lakini aina nyingi za furu zimetoweka, na hakuna awezaye kuzirudisha.

Kulifunga ziwa kunamnyima mvuvi chakula cha leo; kuliacha wazi kwaweza kumnyima mwanawe chakula cha kesho. Uamuzi mzito kama huo hauwezi kutegemea ubishi wa baraza la kijiji peke yake. Rula, mizani na daftari, vitu ambavyo shule nyingi zinavyo, vyatosha kuanzia. Shule iliyo karibu na ziwa ikivitumia kila mwezi, kijiji kitakuwa na ushahidi wake chenyewe siku ya kuamua.